Siku Mama Mkwe Alipopoteza Upau wa Zana

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alikuja kutoka kijijini, njia ya Geita, kumhudumia mzazi. Tulikuwa tumehamia Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye sebule, vyumba viwili na kachumba ka uani ambako mwenye nyumba alikuwa anahifadhia mabati. Mama mkwe alishuka kwenye bajaji na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, pamoja na jogoo aliyefungwa miguu, na hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma. Chumba tulichomwandalia, chenye kitanda na chandarua kipya, alikichungulia mara moja tu, akamwambia binti yake kwa Kisukuma jambo lililomfanya mke wangu acheke huku ameshika tumbo.

"Mama anasema hawezi kulala chini ya bati moja na mkwe wake," mke wangu akanitafsiria. "Anataka kile cha uani."

Basi mabati yakahamishwa, na mama mkwe akawa mkazi wa uani.

Mimi nimezaliwa Kahama, Nyasubi, kwa wazazi waliotoka Tanga wakifuata biashara ya nguo. Nyumbani kwetu mama mkwe ni mtu unayekaa naye jamvini mkamenya vitunguu pamoja. Nilijua kwamba kwa Wasukuma mkwe ana heshima zake, lakini nilizijua kama mtu anavyojua ziwa kwa kulipita ndani ya basi. Sasa nilikuwa ndani ya maji. Sikutakiwa kumpa mkono. Tulipokutana koridoni, mmoja wetu alirudi nyuma, na mara nyingi tulirudi wote, koridoni pakabaki patupu na kila mmoja anasubiri mwenzake apite. Kula pamoja, hapana. Asubuhi nilisimama mlango wa nyuma nikiwa nimeangalia ndoo ya maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmeamka?"

"Tumeamka salama."

Nikiinua macho, nilikuta amekwisha kwenda kukoroga uji wa mzazi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ufundi huo niliupatia mgodini, eneo la Bulyanhulu, kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa na ofisi ndani ya kontena. Wenzetu walichimba huko chini, sisi tukachora walikofika. Mkataba ulipokwisha nikaona watu wa Kahama na Shinyanga wanajenga kwa kasi, nikaacha mahandaki nikashika nyumba. Meza yangu ilikuwa sebuleni, imeelekea ukutani, dirisha la uani likiwa mkono wangu wa kushoto. Nikikaa kazini, mtu anayetokea koridoni anaona mgongo wangu na skrini ya kompyuta, basi.

Nadhani mgongo ndio ulioanzisha yote. Uso wangu mama mkwe asingeweza kuutazama, ila mgongo haukumpa shida. Siku moja, nikiwa katikati ya kazi, nikasikia mtoto anapumua nyuma yangu, ile pumzi ya kichanga aliyeshiba. Nikajua nani amembeba. Sikugeuka. Nikaendelea kuchora ukuta, nikaenda juu kuchukua kifutio, nikafuta, nikaenda juu tena kuchukua penseli. Akasimama pale muda mrefu. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa chumbani.

"We baba," mke wangu akaniita kutoka kitandani, "mama anauliza vile vipicha vilivyojipanga pale juu ni vya nini. Anasema kila ukitaka kufanya kitu unakwenda kule kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa."

"Mwambie ni upau wa zana."

"Ni nini?"

"Upau wa zana. Ndicho Kiswahili chake."

Kabla mke wangu hajafungua mdomo kutafsiri, sauti ikatoka nyuma yangu, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. "Upau? Upau si ule wa kwenye paa?"

Nikapata kigugumizi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza kitu ambacho si hali. "Ni huo huo, mama," nikauambia ukuta.

Akafikiri. Akasema kwao, alipokuwa msichana, nyumba ilikuwa ya nyasi, na baba yake alikuwa akichomeka vitu vyake vyote kwenye pau: mundu, kisu, shoka dogo, hata mswaki. Akiingia ananyoosha mkono tu bila kutazama, anachukua.

"Basi ndivyo ilivyo, mama. Na huku tumechomeka."

"Eeh," akasema, akaondoka na mjukuu wake.

Kompyuta nilijifunza kwa hofu. Kule kwenye kontena, siku za mwanzo, niliuona ule mstari wa vipicha kama kibao cha umeme cha mgodi, kwamba nikigusa kimoja kisicho changu kuna mtu atazimikiwa taa huko chini. Mchoraji mwenzangu, mama mmoja mcheshi aliyekuwa na uzoefu mkubwa, aliniona ninavyosita akaniambia nisiviogope, vingi vyake sitavitumia maisha yangu yote. Alikuwa sahihi. Mpaka leo viko vipicha ambavyo sijui vinafanya nini, na tunaishi kwa amani.

Mama mkwe hakuwa na subira ya namna hiyo. Alitaka kukijua kila kimoja. Ikawa kawaida yetu: asubuhi, mtoto akishaogeshwa na mzazi akishanyweshwa uji, anakuja kusimama mlangoni mwa koridoni, mimi naangalia ukuta, yeye anauliza kwa mgongo wangu. Mke wangu alijiuzulu ukalimani siku ya pili. "Mnaelewana vizuri tu," alisema. "Niacheni nilale."

Kwa kuwa hakuweza kusogea akanyoosha kidole, tulilazimika kuvipa majina. Maelezo ya "cha nne kutoka kushoto" hayakutufikisha mbali, maana alikuwa anahesabu kuanzia kulia. Penseli ilijulikana. Mkasi ulijulikana, huo wa kukata mistari iliyozidi. Kiganja kilichofunguka, kinachoshika karatasi na kuisogeza, alikipenda tangu mwanzo. Pembetatu mbili zilizotazamana nikamwambia ni kioo cha kujitazama: ukichora upande mmoja, chenyewe kinakuchorea wa pili. Kile cha kuhifadhi kazi, ambacho watu wa umri wangu tunakumbuka kilikuwa diski ya kuchomeka kwenye kompyuta, yeye alikiangalia akasema ni kabati. Nikatazama vizuri. Kweli, kina mlango na droo. Tangu hapo nikimaliza kazi namsikia: "Umeweka kabatini, baba?"

Ule mshale uliojikunja kurudi nyuma, unaofuta kosa ulilofanya punde, ulitusumbua. Nikamweleza kwamba umekosea, umekata ukuta usiotakiwa, unabonyeza hapo na ukuta unarudi kama hukuugusa.

"Aa," akasema. "Hiyo ni samahani."

Haijawahi kuitwa jina jingine nyumbani kwetu.

Jambo jingine lililomshangaza ni kwamba vingine vilikuwa vimepauka. Siku nyingine mkasi umekoza, siku nyingine umefifia kama nguo ya kuanikwa sana. Akauliza kama mashine inaumwa. Nikamwambia mkasi umelala kwa sababu sijauonyesha mstari wa kukata. Nikiugusa mstari, mkasi unaamka. Nikafanya hivyo aone. Akaguna. Halafu nikamwonyesha kwamba ukituliza mshale wa mausi juu ya kipicha bila kubonyeza, chenyewe kinajitaja jina.

"Kina adabu," akasema. "Ila kinajitaja kwa Kiingereza."

Ikabainika kwamba maswali yale yote yalikuwa na mahali yanapokwenda. Kijijini kwake mama mkwe alikuwa na matofali yaliyokwisha kuchomwa, yamepangwa uwanjani yakisubiri nyumba mpya, na hiyo nyumba alikuwa nayo kichwani, imekamilika hadi mahali pa kuweka mtungi. Aliomba, kupitia mke wangu, maana hili lilikuwa jambo zito, kama baba anaweza kumchorea. Nilifurahi. Nikaacha kazi ya mteja nikaanza ya mama.

Hatukufika popote. Alinieleza nyumba akiwa nyuma ya mgongo wangu, nikachora nilichosikia, akatazama.

"Mwambie baba jiko limekaa vibaya." Akichukizwa na kazi yangu alirudia kuongea kupitia mkalimani.

Nikalihamisha jiko.

"Mwambie sasa limekimbia."

Nikalirudisha nusu. Akanyamaza, na kunyamaza kwa mama mkwe kunachosha kuliko kukosolewa. Siku iliyofuata tukaanza na sebule, ikawa vilevile. Kwenye kichwa chake kulikuwa na nyumba moja, kwenye mikono yangu kulikuwa na nyingine, na katikati ulikaa mgongo wangu. Mwishowe nikasema, nusu kwa utani, "Mama, wewe ungekaa hapa ukachora mwenyewe." Akacheka kidogo kwa aibu, akaenda kuchambua mboga. Nikajua nimevuka mpaka.

Kesho yake nilikwenda Nyasubi kumwonyesha mteja mmoja ramani ya nyumba yake. Niliondoka asubuhi nikaiacha kompyuta inawaka, mchoro wa mama ukiwa wazi, kwa sababu nilikuwa na karatasi tayari na sikuihitaji. Niliporudi jua lilikuwa limeanza kulegea. Nyumba ilikuwa kimya mno. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na mtoto mapajani, uso umembana kama mtu anayezuia chafya.

"Mama anafunga mzigo," akasema.

"Kuna msiba?"

"Kwake upo. Anasema ameiua kompyuta yako."

Nikaingia sebuleni. Kompyuta ilikuwa hai, ila juu palikuwa peupe. Penseli haipo, mkasi haupo, kabati halipo. Upau wote umeondoka, na mchoro umesambaa kujaza nafasi, na katikati ya mchoro kuna mstari mmoja mrefu uliopinda ambao sikuuchora mimi. Mke wangu akanieleza alivyosimuliwa. Yeye na mtoto walikuwa wamelala. Mama aliikuta sebule tupu, kiti kitupu, akakaa. Akaishika mausi kama alivyoniona naishika, akaenda juu, akachukua penseli, akachora mstari. Ulipopinda akataka kwenda kwenye samahani, lakini kidole kikabonyeza upande wa pili wa mausi. Ikaanguka orodha ndefu ya maneno. Akashtuka, akabonyeza humo ili iondoke. Ikaondoka, na ikaondoka na vyote.

Nitasema ukweli, nilitaka kucheka, na wakati huo huo moyo uliniuma. Niliijua ile hofu. Nilikumbuka asubuhi moja ndani ya kontena, zana zangu zilipotoweka hivyo hivyo, nikakaa najifanya nasoma karatasi mpaka yule mama mcheshi alipopita nyuma yangu akabonyeza kitu kimoja na kwenda zake bila kusema neno.

Nikaenda uani. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Nikasimama mbali kidogo, karibu na kamba ya nguo.

"Hodi, mama."

Ndani nguo ziliendelea kukunjwa.

"Mama, kompyuta haijafa."

"Nisamehe, baba." Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi nimekuja kulea mtoto, sikuja kuharibu kazi za watu. Kesho nitapanda gari nirudi."

"Hujaharibu kitu. Zile zana zimejificha tu. Hata moja haijapotea."

Nikasikia mkoba unawekwa chini.

"Zimejificha wapi?"

Hapo nikajua hatasafiri.

Tatizo likawa namna ya kumwonyesha. Ningeweza kuurudisha upau mwenyewe kwa kubonyeza mara moja, lakini angebaki na hofu yake, na ile mausi asingeigusa tena. Kukaa naye bega kwa bega mezani hakukuwezekana. Mke wangu ndiye aliyepata wazo. Alisema dirisha la uani liko pembeni ya meza. Mimi nisimame nje, mama akae kwenye kiti, na yeye atakaa mlangoni na mtoto kama shahidi.

Kwa hiyo nikasimama uani, mikono nyuma, nikitazama skrini kwa pembeni kupitia nondo na wavu wa mbu. Mama mkwe aliingia, akazunguka kiti mara kadhaa, akakaa kwenye ncha yake kama kina miiba. Akajifunga khanga vizuri. Hakunitazama, nami niliikazia macho skrini tu.

"Mama, peleka mshale juu kabisa, mahali patupu."

"Pote ni patupu, baba."

"Ukingoni. Hapo hapo. Sasa bonyeza kidole cha pili."

Mkono ukaruka. "Cha pili ndicho kilichoniponza!"

"Ndicho kitakachokuponya. Bonyeza."

Akafumba macho, akabonyeza. Ile orodha ndefu ikaanguka tena. Akarudisha mkono kifuani kama aliyegusa sufuria la moto.

"Imekuja! Ni hiyo hiyo!"

"Iache. Haiumi, inasubiri. Pembeni ya kila mstari kuna alama ya vema, ile ya mwalimu. Angalia upi hauna."

Akainama. Nikamsikia anashuka mstari mmoja mmoja, akinong'ona. "Huu unayo. Huu unayo. Na huu." Mshale ukasimama. "Huu hauna."

"Ndio huo."

"Nibonyeze?"

"Bonyeza."

Akabonyeza, na upau wote ukarudi mara moja, penseli na mkasi na kiganja, kila kimoja mahali pake. Mke wangu akapiga kigelegele hadi mtoto akalia. Jirani yetu akachomoza kichwa juu ya ukuta.

"Kulikoni? Mmeongeza pacha?"

"Tumepata zana!" mke wangu akamjibu, na jirani akatutazama, mimi nimesimama nje ya dirisha langu mwenyewe, mama mkwe kwenye kiti changu, akaona ni bora asiulize zaidi.

"Sasa mama, uondoe tena," nikasema.

"Niondoe nini?"

"Zana zote. Ziondoe kama ulivyofanya kwanza."

Aligeuka, karibu anitazame usoni. Halafu akabonyeza kidole cha pili, akaenda kwenye ule mstari, akabonyeza. Juu pakawa peupe. Akasubiri kidogo. Akabonyeza tena, zikarudi. Akaondoa. Akarudisha. Nadhani ilipofika mara ya nne au ya tano ndipo alipoanza kucheka, kicheko kizito ambacho sikujua anacho, mabega yakitikisika. "Kumbe," akawa anasema. "Kumbe! Kumbe ni alama tu!"

Kuanzia hapo tukagawana siku. Asubuhi kiti ni changu. Mchana, mtoto akilala, kiti ni cha mama, nami natoka kwenda kuangalia viwanja vya wateja, au nikiwa sina safari nakaa kwenye benchi chini ya dirisha, nje, nikisoma simu yangu. Kutoka ndani nilisikia maendeleo.

"Baba, mkasi umelala!"

"Umeugusa mstari kwanza?"

"Aa. Umeamka."

Siku moja nilirudi mapema nikamkuta anasema kwa sauti ya unyenyekevu, "Samahani. Samahani. Samahani. Samahani," nikajua tumepata mgeni mkubwa. Nikaweka shati vizuri kabla ya kuingia. Hakukuwa na mgeni. Alikuwa amekosea ukuta mrefu, anaurudisha hatua kwa hatua.

Alivyogundua kioo, tulipoteza siku nzima. Akachora nusu ya nyumba, akaipindua, akapata nyingine iliyogeuka. Akaigeuza nyumba nzima, mashariki ikawa magharibi. Alifurahia kuitazama mpaka akakumbuka upepo.

"Yaya," akasema, yaani hapana, na Kisukuma kilimtoka pale tu alipokuwa hana utani. "Jiko likikaa huku moshi wote unaingia kwenye vitanda. Upepo wetu unatokea kule." Akaomba samahani, nyumba ikarudi.

Ndipo nikaelewa kwa nini mimi nilishindwa. Nililiweka jiko kila mahali ila hapo, kwa sababu kwenye ramani zangu upepo haukuwepo.

Vipimo vilimtatiza, sitaficha. Korido yake ya kwanza ingepitisha fuso. Tukakubaliana apime kwa hatua zake uani, ahesabu kwa sauti, nami nimtajie kupitia dirishani ni mita ngapi. Ilifanya kazi, ila kuku wa jirani walishangaa.

Nilimfanyia jambo moja la nyongeza. Ule upau ulikuwa na vipicha vingi ambavyo havikumhusu, vikimchanganya macho, kwa hiyo asubuhi moja nikamtengenezea wa kwake, mfupi, wenye vile anavyovitumia tu. Wangu nikauacha juu yake. Alipokaa mchana akauona.

"Kumbe unaweza kuvipanga upendavyo?"

"Unaweza, mama."

"Na siku zote hizi umeniacha natafuta mkasi kwenye kichaka?"

Akanifanya nimweleze namna ya kuviburuta, kisha akavipanga upya vyote. Samahani akaiweka ya kwanza kabisa, kabati la mwisho. Nilivyokuwa nimepanga mimi, alisema, hakuna mwanamke angeweza kupikia.

Nyumba ilikamilika wiki aliyokuwa anajiandaa kuondoka, arobaini ya mtoto ikiwa imekwisha pita. Nilikaa kuikagua asubuhi, mke wangu kasimama nyuma yangu na mtoto begani. Ilikuwa nyumba nzuri. Kuta zilikutana. Jiko lilikaa mahali ambapo upepo ungelihurumia. Mlango wa nyuma ulifungukia nje, kwa ajili ya mtu mwenye gunia. Kisha nikaona chumba kimoja mwishoni kabisa, upande wa mbali, kisicho na mlango wa kuingilia ndani ya nyumba. Mlango wake ulikuwa nje, wenye kibaraza chake, na kutoka hapo kulikuwa na njia ya kwenda bafuni isiyopita karibu na chumba kingine chochote.

"Hapa amekosea," nikasema. "Chumba hiki kimefungiwa nje."

Mke wangu akaenda uani kuuliza. Akarudi anatembea polepole.

"Hajakosea. Ni chako. Anasema ukija, uwe na mahali pa kulala bila wasiwasi, na yeye awe na mahali pa kupita bila wasiwasi. Anasema hapo utakaa hata mwezi."

Nililitazama lile dirisha dogo alilonichorea. Mkwe wa kiume kijijini huwa analazwa kwa jirani, au anaondoka jioni hiyo hiyo. Nilibonyeza kabati, kisha nikabonyeza tena, kwa usalama.

Tuliprinti ramani steshenari ya mjini, karatasi kubwa. Akakataa isikunjwe. Ilisafiri hadi kijijini ndani ya kipande cha bomba la plastiki, naye ameliegemeza kwenye bega hadi gari linaondoka, mke wangu aliyemsindikiza stendi akaniambia.

Nyumba ilijengwa baada ya mavuno. Simu zilikuwa nyingi. Fundi alitaka kupunguza madirisha, mama akamwambia aliyechora hajapunguza. Fundi akauliza aliyechora ni nani ili waongee. "Unaongea naye," akamjibu. Nilisimuliwa haya na shemeji yangu, kwa sababu mama mwenyewe alinipigia kwa jambo moja tu: kuuliza kama saruji ya sakafu imwagwe kabla au baada ya kupiga lipu.

Tulikwenda kuiona mtoto akiwa ameanza kukaa. Nilisalimia, nikaangalia chini, nikapewa maziwa ya mgando na kuonyeshwa njia ya chumba changu. Kitanda kilikuwa na shuka mpya. Nililala vizuri sana, na asubuhi jua likanipiga jicho moja kwa moja, nikaamka kabla sijataka.

Nje nikasikia ufagio umesimama, upande wa pili wa ukuta.

"Baba, mmeamka?"

"Tumeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo dirisha, unaonaje? Nafikiri tulitakiwa kulisogeza kidogo kaskazini."

"Kidogo, mama. Lakini si mbaya."

"Ni mbaya. Usinipe heshima kwenye dirisha." Ufagio ukaendelea kidogo, ukasimama tena. "Nataka kuchora banda la kuku. Vyumba vingi vidogo, vyote sawasawa. Kuna zana ya kurudia kitu kimoja mara nyingi, au nichore kimoja kimoja?"

"Ipo, mama."

"Inafananaje?"

Nikajisogeza ukutani, nikaanza kumweleza: vimraba vidogo, vimejipanga kama miche ya mpunga shambani. Akauliza viko safu ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama na chenyewe huwa kinalala. Nikasema kinalala, mpaka ukionyeshe cha kurudia. Tulikuwa tumefika kwenye nafasi kati ya chumba na chumba, sauti zimepanda, pale mke wangu alipofungua dirisha la upande mwingine wa nyumba.

"Nyie wawili," akasema, "mtoto kalala."